Kulewa kwa Niaba

Siku ya Jumamosi, tarehe kumi na nne mwezi wa Machi, mwaka wa elfu mbili na tisa, wakati wa alasiri, mshonaji mmoja alikuwa ameketi mbele ya cherehani yake katika chumba cha mbele, akikunja pindo la gauni la harusi la bintiye. Kitambaa kilikuwa satini, na satini haina huruma: ukiitoboa mahali pasipostahili, tundu hubaki. Kwa sababu hiyo alikuwa ameosha mikono hadi vidole vimekunjamana, ametandika shuka safi sakafuni, na amepiga marufuku mtu yeyote kuingia na kikombe cha chai.

Alipofika nusu ya mzunguko wa pindo, alihisi joto likimpanda kutoka tumboni hadi masikioni. Akaacha kukanyaga. Joto likatulia, naye akaanza tena. Mara mshono ukaelekea kushoto, ingawa mikono yake ilikuwa ikiupeleka mbele, na alipojaribu kuurudisha njiani akajikuta anacheka peke yake. Hakuwa mtu wa kucheka peke yake. Wala hakuwa mtu wa kunywa. Tangu azaliwe hakuwahi kuonja kilevi isipokuwa tone la divai la Meza ya Bwana, ambalo katika kanisa lao lilitiwa maji hata likafanana na chai ya mgonjwa.

Bintiye, ambaye alikuwa mwalimu, alikuwa akisahihisha kazi za wanafunzi katika chumba cha pili. Aliposikia kicheko alitoka, akasimama mlangoni akiwa na kalamu nyekundu sikioni.

"Mama, una nini?"

"Nimelewa," mama akajibu.

Binti akasogea, akamnusa mdomo, akarudi nyuma hatua moja. "Kweli umelewa. Umekunywa saa ngapi?"

"Mimi sijanywa. Ni baba yako. Nadhani yuko kwenye ya tatu."

Binti akaitazama saa ya ukutani. Jumamosi, saa kama hiyo, baba yake huwa ndiyo kwanza anavuta kiti. "Ya tatu mapema hivi? Basi leo kuna mtu anayemnunulia," akasema. Akamwondolea mama yake gauni magotini, akalitundika juu ya mlango, akaenda kutafuta beseni.

Baba alirejea jua linapozama. Katika miaka yote ya ndoa yao, siku za Jumamosi alirudishwa nyumbani kama kabati linalohamishwa: muuza nyama ameshika upande mmoja, kinyozi ameshika upande wa pili, wote watatu wakibishana juu ya upana wa mlango. Safari hii alikuja peke yake, amenyooka. Alifuta viatu kwenye mkeka, akauliza kama maharage yameiva, akavua shati na kulikunja mikono ikutane na mikono. Kisha akamwona mkewe amelala kwenye kochi huku mguu mmoja ukikanyaga sakafu ili chumba kisizunguke.

"Pole, mama watoto," akasema. "Nilijiuliza imekwenda wapi. Leo imenipita kama maji."

"Imekuja huku," mkewe akasema, na kuomba beseni lisogezwe.

Mshonaji alijua jambo lile limetoka wapi, wala hakumlaumu mtu. Katika kanisa lao, kila Alhamisi akina mama walikutana kuwaombea waume zao. Mwenyekiti wa akina mama, mjane mwenye sauti nzito aliyesimamia ushirika huo kwa muda mrefu kuliko wachungaji wote waliopita, alikuwa amewafundisha maneno ya kusema: mke asimame, anyoshe mikono mbele kama anayepokea kuni, aseme, "Bwana, ikiwa ni mzigo, mtue yeye unitwike mimi." Mshonaji alikuwa ameyasema maneno hayo kila wiki tangu binti hajaota meno, bila kupata jibu. Lakini Alhamisi iliyopita alikuwa amechoka. Mumewe alikuwa amelala na viatu, na baraza la kanisa lilikuwa linanong'ona kumvua uzee wa kanisa. Aliponyosha mikono safari ile, kwa mara ya kwanza, alimaanisha.

Ndipo akatwikwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; hawakusema mzigo huo hubadilika kuwa nini ukikufikia kichwani.

Siku ya pili yake ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Siku kama hiyo wazee wa kanisa walisimama mlangoni wakimpa kila aingiaye mkono wa salamu, na pamoja na mkono, pua. Hakuna aliyesema waziwazi kwamba wananusa, lakini kila mtu alijua, na watu wazima walikuwa wakitafuna karafuu tangu kitandani. Zamu ya siku ile walikuwa katibu wa baraza, mtu mwembamba aliyependa kanuni kama wengine wapendavyo sukari, na karani wa mizani wa ghala la nafaka, ambaye ndiye mume wa mshonaji. Baba alimpa mkewe mkono na kutazama viatu vyake mwenyewe. Katibu alimpa mkono na kuuzuia.

"Mama, vipi?"

"Ni ya jana," mshonaji akasema. "Si yangu."

"Ya nani?"

Mshonaji akamtazama mumewe. Katibu naye akamtazama mzee mwenzake, akainama, akamnusa kwa heshima. Karani wa mizani alikuwa ananukia sabuni. Macho yake yalikuwa meupe kama ya mtoto aliyelala mchana.

"Mzee, hongera," katibu akasema. "Naona maombi yamejibiwa." Kisha akamwonyesha mshonaji benchi la nyuma.

Benchi la nyuma lilikuwa la watu waliotengwa na Meza. Lilikuwa halina egemeo, nalo lilikuwa karibu na mlango kiasi kwamba mvua ikinyesha waliokaa pale hulowa magoti. Siku ile alimkuta mfua nguo mmoja ambaye mikono yake ilitetemeka kila asubuhi kwa kiu ya mwanawe wa kwanza. Walisalimiana. Mfua nguo akasogea, akampa mahali.

"Wa kwako ni mume?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Mume."

"Afadhali. Mume hulala mapema. Kijana hana saa."

Baraza lilikutana Jumanne baada ya kazi. Mchungaji alikuwa mtu mwema, mwenye uvimbe chini ya macho, ambaye alikuwa amezika watu wengi mwezi ule na alitaka kila jambo liishe bila kelele. Wazee walikaa upande mmoja wa meza, na mume wa mshonaji miongoni mwao, kwa kuwa kiti chake kilikuwa pale. Mshonaji alikaa upande wa pili.

"Mimi nasema tuwe wakweli," mchungaji akaanza. "Sote tunajua chupa ni za nani."

"Chupa haziketi mbele ya washirika, mchungaji," katibu akajibu. "Anayeketi ni mtu. Swali la baraza ni moja tu: huyu mama anayumba au hayumbi?"

"Nayumba," mshonaji akasema.

"Basi. Mtu mwenyewe kasema."

"Lakini anayeniyumbisha..."

"Mama, samahani, hatujafika huko." Katibu akainua kidole. "Mwenye kunywa akawa timamu, anawakwaza watu kwa lipi? Wanamwona amesimama, amevaa vizuri, anawapa mkono. Lakini mama akipepesuka kwenye njia ya madhabahu, watoto wanaona. Kanuni yetu ni ya macho ya watoto."

Mchungaji akamgeukia karani wa mizani. "Mzee, wewe una neno?"

Karani alikuwa na neno, kwa maana alimpenda mkewe. Alilisogeza mdomoni upande huu na upande huu. Hatimaye akasema, "Penye wazee haliharibiki neno," na wengine wakaitikia kwa vichwa.

Mshonaji aliomba jambo moja kabla hawajaandika. Aliomba auteremshe mzigo. Alisema alikuwa ameuomba akiwa amechoka, kama mtu anavyokubali bei mbaya jioni ili arudi nyumbani, na sasa angependa kuurudisha. Mchungaji alimsikiliza kwa huruma yote.

"Mama, jibu la maombi si gauni lililobana," akasema. "Hatulirudishi kwa fundi."

Wakaamua akae benchi la nyuma, asiikaribie Meza, wala asisimame mbele ya madhabahu katika ibada yoyote. Mchungaji aliomba liongezwe sharti moja la rehema: ikiwa hataonekana akiyumba hadi siku ya harusi ya bintiye, vizuizi vyote viondolewe siku hiyo. Katibu aliliandika sharti hilo bila furaha.

Yapasa kueleza kwa nini harusi ilikuwa jambo zito. Katika kanisa lile baraka ya bibi arusi ilikuwa na desturi yake. Mama mzazi huweka mkono wa kuume juu ya kichwa cha bintiye na kusema maneno yake mwenyewe, yoyote atakayo, na maneno hayo huwa ndiyo mlango binti anaoingilia katika ndoa. Hakuna anayeongeza wala kupunguza. Mama akiwa amefariki, au ni mgonjwa, au ametengwa, mwenyekiti wa akina mama huweka mkono badala yake, naye hana maneno mengine ila yale ya Alhamisi.

Mshonaji alilijua hilo tangu katibu alipoinua kidole. Meza ya Bwana ilimuuma, lakini aliona Bwana mwenyewe anaelewa. Lililomnyima usingizi ni ule mkono wa mjane juu ya kichwa cha mwanawe, na maneno yale, na jinsi yalivyo mazuri kuyasikia.

Jumamosi iliyofuata hakungoja yamfikie kochini. Alijitanda kitenge, akaifuata barabara ya soko, na kadiri alivyokaribia ndivyo barabara ilivyozidi kulegea. Baa ilikuwa nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, chumba kirefu chenye viti vya plastiki na feni isiyofanya kazi. Mumewe alikuwa kati ya muuza nyama na kinyozi, amenyooka kama amepigiliwa misumari. Pale sasa walimwita Nguzo.

"Shemeji!" kinyozi akapaza sauti. "Karibu kiti. Naona umeshaanza."

"Nimeanza naye," mshonaji akasema, na kushika meza.

"Huyu bwana wako tumeshindwa," muuza nyama akasema. "Sisi tunakunywa, yeye anamwagilia mchanga. Juzi kamaliza kreti, kaondoka anahesabu ngazi. Mtu gani huyu?"

"Weka glasi chini, baba," mshonaji akamwambia mumewe. "Tuongee."

Nguzo alikuwa ameshaifikisha glasi mdomoni. Akameza kilichokuwemo kwa adabu, na mkewe akaketi ghafla.

"Iache hadi harusi ipite," mshonaji akasema alipoweza. "Sikuombi zaidi ya hapo. Nataka kusimama na mwanangu mbele."

"Sasa mke wangu, nikiacha, nitakuwa nimeacha nini?" Nguzo akauliza, na aliuliza kwa dhati, kwa kuwa alikuwa mtu wa vipimo. "Ulevi sina. Ungekuwepo ningeuacha. Hii hapa mimi naiona kama soda."

"Kama ni soda, kunywa soda."

Kinyozi alicheka hata akajipiga paja. "Hapo shemeji amekushika, Nguzo! Hapo huna pa kutokea!"

"Tena nikueleze kitu," Nguzo akaendelea, sauti ikishuka. "Siipati raha yake tena. Zamani nilikuwa najua nimefika. Sasa sifiki. Naketi hapa nangojea kufika, nangojea, mpaka wanafunga."

Mshonaji alimhurumia, maana hata yeye hakuwa anaipata raha hiyo. Ilikuwa imepotea njiani baina yao.

"Niahidi," akasema.

Nguzo alimwahidi mbele ya mashahidi. Akaisukuma glasi katikati ya meza, na muuza nyama akaivuta upande wake. Wakatoka, mume amemshika mke kiwiko. Mlangoni mwa soko wanawake wawili waliokuwa wakifunga biashara yao waliwatazama wakipita.

"Masikini, mwanamume mzuri vile," mmoja akasema.

Nguzo alitimiza ahadi. Jumamosi moja ikapita, na nyingine, na nyingine. Mshonaji alifumua pindo alilolipotosha, akalishona upya, na matundu ya zamani akayafunika kwa utepe mwembamba wa maua, hata bintiye akasema utepe ndio uliolipendezesha gauni. Katibu alimnusa kila Jumapili na hakupata kitu. Kwenye benchi la nyuma mfua nguo alimwambia, "Wewe utaondoka," bila wivu, kama mgonjwa anavyomwambia mwenzake wa kitanda cha pili.

Jioni, akimaliza kushona vifungo, mshonaji alitafuta maneno yake. Hakutaka mengi. Yale aliyoyapata aliyasema kwa sauti mbele ya gauni lililotundikwa mlangoni, mkono wake ukiwa hewani mahali ambapo kichwa kingekuwa: "Mwanangu, kila mtu abebe cha kwake, na cha wote mkibebe wote."

"Hayo tu?" binti akauliza kutoka chumba cha pili.

"Yanatosha."

"Mwenyekiti alinifundisha mengine juzi, kwenye mafunzo ya ndoa. Akaniambia ninyoshe mikono nijaribu."

"Ukanyosha?"

"Nilimwambia bega linaniuma."

Walicheka, na kilikuwa kicheko chao wenyewe, kisicho na harufu.

Jumapili ya mwisho kabla ya harusi Nguzo aliomba nafasi ya kushuhudia. Alikuwa amekaa bila kunywa muda mrefu kuliko wakati wowote tangu ujana wake, na moyo ulikuwa umemjaa. Alisimama mbele, mikono nyuma, akasema ukweli wote. Alisema chupa zilikuwa zake. Alisema mkewe hakuwahi kunywa hata tone, kwamba yeye alikunywa na mkewe akalewa, na kwamba alinyamaza kwenye baraza kwa sababu ya aibu. Alilia. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa washirika kumwona akilia akiwa timamu.

Kanisa zima likasimama. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume walimkumbatia, kinanda kikaanza wimbo bila kuambiwa. Mchungaji alifuta macho, akasema tangu aitwe katika kazi hii hajaona unyenyekevu wa namna ile. Mwenyekiti wa akina mama alinyanyua mikono na kusema, "Mmeona matunda ya Alhamisi?" Kabla ibada haijaisha, baraza lilimchagua Nguzo kuwa mwenyekiti wa kamati ya ushauri wa ndoa.

Benchi la nyuma nalo lilipiga makofi. Baada ya ibada mshonaji alimfuata katibu aliyekuwa akifunga madirisha.

"Mmemsikia. Si mimi."

"Tumemsikia, mama, na Mungu ashukuriwe. Yeye amesamehewa pale pale."

"Na mimi?"

Katibu alifikiri kwa uaminifu. "Wewe hujafanya kosa, sasa tukusamehe nini? Wewe ngoja sharti lako. Limebaki kidogo tu."

Asubuhi ya harusi mshonaji aliamka mapema, timamu kama sahani iliyooshwa. Alimvika bintiye gauni, akafunga vifungo vya mgongoni kuanzia chini, akaukata kwa meno uzi mmoja uliokuwa unaning'inia. Binti na wasimamizi wakabaki nyumbani kungoja gari. Mshonaji alitangulia kanisani kwa miguu ili apate kuketi kidogo na kutuliza moyo.

Wakati huohuo, uani, baba wa bwana arusi alikuwa amefika kumchukua mkwe mwenziwe. Alikuwa fundi wa mabomba, mtu mchangamfu, na alikuwa amekuja na chupa iliyofungwa utepe. Mbele ya wakwe mtu hakatai. Kukataa kungekuwa kama kusema binti anatolewa kwa shingo upande.

"Kimoja tu, mkwe," fundi wa mabomba akasema. "Cha heshima."

Nguzo alikumbuka ahadi yake, tena vizuri. Alipima upande huu heshima ya binti, na upande huu heshima ya binti, na mizani haikuinama. Akapokea kimoja. Kwa kuwa hakuhisi lolote, hakuona sababu ya kukikataa cha pili, na baada ya hapo hakukuwa na kitu cha kumwambia kwamba amefika.

Mshonaji alikuwa kwenye ngazi za kanisa joto lilipompanda. Alilitambua. Alishika ukuta, akavuta pumzi, akayarudia maneno yake haraka kama mtu anayetoa vyombo ndani ya nyumba inayovuja: kila mtu abebe cha kwake. Lilipokuja la pili, ngazi zikawa nyingi. Lilipokuja jingine akaketi. Katibu, aliyekuwa mlangoni na ua kwenye koti, alishuka akamsaidia kusimama, na hakuwa na haja ya kuinama ili anuse.

"Mama," akasema, na kwa kweli alisikitika. "Leo pia?"

Alimwongoza hadi benchi la nyuma, akamketisha polepole. Sasa benchi lilikuwa limejaa, kwa sababu ushuhuda wa Nguzo ulikuwa umewapa wake wengi moyo wa kumaanisha. Mfua nguo akamwambia mwenzake asogee, naye akamwambia wa tatu.

Gari likafika. Maharusi wote huingilia mlango wa nyuma, kwa hiyo binti alipoingia ameshikwa mkono na baba yake aliyenyooka, benchi la kwanza kukutana nalo lilikuwa hilo. Akasimama. Mshonaji alimwona vizuri sana, kwa kuwa walikuwa wawili, kila mmoja na utepe wake wa maua.

"Mama, niwekee hapa hapa," binti akasema, na kuinamisha kichwa.

Mshonaji akanyanyua mkono wa kuume. Ukatua kwenye kichwa cha yule wa upande wa kushoto, ambaye hakuwepo.

"Siyo huyo, mama. Mimi niko huku." Binti akaushika mkono, akauhamisha, akauweka juu ya shela yake mwenyewe. Mshonaji akafungua kinywa. Ulimi ulikuwa umelala ndani kama mgeni aliyelewa kwenye kitanda cha wenyeji. Aliusukuma, nao haukuamka.

"Bibi arusi, madhabahu iko mbele," katibu akanong'ona. "Baraka ya huku haihesabiwi."

"Twende, mwanangu," Nguzo akasema kwa upole, "watu wanangoja." Nao wakaenda.

Mbele, baada ya pete, mwenyekiti wa akina mama alipanda ngazi za madhabahu taratibu. Aliweka mkono wake mzito juu ya shela na kusema maneno yake kwa sauti iliyofika hadi barabarani. Aliposema "mtue yeye," mshonaji alisimama. Alitaka kusema hapana, na alikuwa ameliandaa neno hilo lote kifuani. Miguu ikamwacha. Wanawake wa benchi walimdaka, mmoja kwapani, mmoja kiunoni, na washirika wa mistari ya karibu wakageuka, wakaona mama wa bibi arusi amelewa kanisani siku ya harusi ya mwanawe, wakageuka tena mbele kwa kumwonea haya. Kinanda kikaanza. Mwenyekiti akamaliza: "umtwike huyu." Kanisa likasema amina.

Karamu ilikuwa katika ukumbi wa shule. Nguzo alitoa hotuba kuhusu subira katika ndoa, na wengi waliiandika. Mshonaji aliwekwa kiti karibu na mlango, penye hewa. Kutoka pale alimwona fundi wa mabomba akimjazia mwanawe glasi, akamwona bwana arusi, kijana mwenye adabu, akiinua glasi hiyo kuwashukuru wazazi wa pande zote mbili. Alikunywa yote, akabaki timamu, akajilamba mdomo kama mtu aliyeonja kitu kilichokosa chumvi. Pembeni yake binti aliacha kuzungumza na shangazi yake. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Mama alisimama. Ukumbi ulikuwa mrefu, naye aliuvuka kwa kushika migongo ya viti, akiomba radhi kila kiti. Alipofika akavuta stuli, akaketi nyuma ya bintiye mahali ambapo shela iliwaficha. Ulimi wake ulikuwa umeanza kurudi.

"Mama," binti akasema bila kugeuka, "mimi sikunyosha mikono."

"Najua. Walikunyoshea." Akamshika mgongoni, pale penye vifungo. "Sikiliza. Uwe unakula kabla hajatoka nyumbani. Beseni liwe upande wa kushoto wa kitanda. Chumba kikizunguka, weka mguu mmoja chini. Na madaftari ya watoto usiyasahihishe Jumamosi. Utawapa alama ambazo si zao."

"Na Jumapili?"

"Jumapili njoo mapema, nikushikie nafasi."

Mbele yao bwana arusi aliinua ya pili, na wote wawili, mama na binti, wakajiweka sawa.

Wewe uliyeyasoma haya, usiyafunge kabatini. Mpe mwingine, na ikiwa hajui kusoma, msomee. Lakini fanya hivyo kabla ya Alhamisi.